Seti ya aironi kwa mtu anayepigia Tabora

Kiangazi cha Tabora kikishakolea, ardhi yetu haina huruma na fimbo ya gofu. Juu kuna kichanga, chini ya kichanga kuna udongo uliokauka tangu Mei, na ukishusha aironi kwa pembe kali unausikia mshindo mpaka kwenye kiwiko. Mvua zikianza Novemba mambo yanageuka. Pale pale ambapo fimbo ilikuwa ikidunda mwezi Septemba, Januari inazama na kutoka na bonge la tope. Kwa hiyo mtu wa hapa akiniuliza anunue aironi gani, sianzi na jina la kampuni. Namuuliza anapigia wapi, miezi gani, na fimbo aliyonayo sasa imelika upande gani.

Maswali hayo huwaudhi watu. Wengi huja wakiwa wameshachagua, wanatafuta baraka tu. Wameona video ya Mmarekani akipeleka namba 7 yadi 190, wakaona seti kama ile kwenye tangazo la mtu anayehama Dar es Salaam, na kichwani mwao biashara imekwisha. Umbali ndio unaouza aironi siku hizi. Mimi nauweka mwisho kabisa katika mambo ya kuangalia, na nitaeleza kwa nini, ila nitakwenda polepole kidogo, maana wasomaji wengi wa hapa ni watu wa Simba na Yanga, na gofu wanaiona kwenye televisheni wakiwa wanabadilisha chaneli.

Kwa hao basi: kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14 tu, kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 1938 baada ya baadhi ya wachezaji kuwatwisha makedi wao, yaani wabeba begi, fimbo zaidi ya 20. Draiva ni ya kuanzia shimo refu, putta ni ya kumalizia kwenye griini, yaani eneo la majani mafupi kabisa lenye shimo. Katikati ndipo zilipo aironi, zenye vichwa vya chuma na namba, kwa kawaida kuanzia 4 au 5 mpaka 9, halafu weji, zile fupi zenye uso uliolala kuliko zote. Namba ikipanda, uso wa fimbo unalala zaidi na shafti, yaani mpini, inakuwa fupi, mpira unapaa juu na kutua karibu. Hizi ndizo zinazokufikisha kwenye griini. Mtu anaweza kujigamba kwa draiva yake baa nzima ikasikiliza, lakini anayemaliza mzunguko kwa mikwaju 85 na anayemaliza kwa 98, mara nyingi wameachana kwenye aironi.

Mimi mazoezi nafanyia kwenye eneo la wazi nje ya mji, kwa ruhusa ya mwenye eneo, na ng'ombe wakipita nasubiri. Mizunguko kamili nacheza nikisafiri: Lugalo au Gymkhana nikiwa Dar es Salaam, na Morogoro nikipata nafasi njiani. Fimbo zangu lazima zinifae huku na huko, kwenye nyasi zinazomwagiliwa na kwenye ardhi ya mbuga iliyochomwa na jua. Ndiyo maana ushauri mwingi wa mtandaoni haunifai moja kwa moja. Wanaoutoa wanapigia kwenye zulia la majani.

Tuanze na kichwa cha fimbo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Aironi za zamani, zile wachezaji wanazoziita bledi, zilikuwa kipande chembamba cha chuma kilichofuliwa, uzito wote umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso. Ukigonga kitovuni, raha yake haielezeki. Ukikosea kwa sentimita moja kuelekea ncha, mikono inakufa ganzi na mpira unaishia njiani. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani, alilitazama tatizo hilo kihandisi. Aliutoa uzito katikati akaupeleka pembezoni mwa kichwa, nyuma akaacha uwazi. Kichwa cha namna hiyo kikigongwa nje ya kitovu hakigeuki kirahisi mkononi, kwa hiyo mpira uliokosewa bado unafika karibu na ulipotakiwa. Kampuni yake, PING, ilitoa aironi za Eye2 mwaka 1982, na hata leo huwezi kukosa mzee mmoja klabuni anayezibeba na asiyetaka kusikia habari ya nyingine. Leo hii karibu kila kampuni inatengeneza aironi kwa wazo hilo la uzito pembezoni. Wachezaji huziita kaviti.

Kuna ubishi mwingine unaoambatana na huo, wa chuma kilichofuliwa na chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Hapa Unyanyembe majembe ya wahunzi yalikuwa bidhaa ya biashara katika karne ya 19, kwa hiyo sidhani kama mtu wa Tabora anahitaji somo refu juu ya chuma kilichopigwa nyundo. Wenye fedha husema aironi ya kufuliwa ina hisia laini mkononi. Nakubali nusu. Sehemu kubwa ya hiyo hisia ni sauti, na sehemu kubwa ya sauti ni mpira wenyewe na mahali ulipogonga. Faida ninayoiamini mimi ni nyingine kabisa: chuma laini cha kufuliwa kinakubali kupindwa shingoni, pale kichwa kinapoungana na shafti, digrii mbili au tatu, bila kulalamika. Chuma cha pua cha kumiminwa ni kigumu zaidi, fundi hukipinda kwa wasiwasi na si kwa kiasi kikubwa. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa, bledi au kaviti? Swali hili lina jibu, na jibu halihusu kiburi. Mpwa wangu, anayefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya SGR, alijifunza gofu akiwa Dar es Salaam, na alipohamishiwa huku alinijia na uamuzi wake mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka bledi."

"Nataka fimbo nitakayokua nayo, mjomba. Hizi kaviti wanasema ni za wanaoanza."

"Wanaosema ni akina nani?"

Akacheka. Nikamwambia alete kalamu ya ubao mweupe, ile wanayotumia ofisini kwao. Unapaka wino uso mzima wa fimbo, unapiga, na mpira unafuta doa dogo pale ulipogonga. Unatazama, unapaka tena, unapiga tena. Usihesabu mapigo mazuri peke yake. Chukua ndoo nzima ya mipira na upige mpaka uchoke kidogo, kwa sababu kwenye shimo la 16 utakuwa umechoka. Madoa ya kijana yalitapakaa kuanzia chini karibu na makali mpaka kwenye ncha, eneo ambalo sarafu ya shilingi 500 isingelifunika hata nusu yake. Mtu ambaye madoa yake yote yanakaa ndani ya sarafu hiyo anaweza kununua anachotaka, na wala hahitaji kusoma makala hii. Sisi wengine tunahitaji uwazi nyuma ya kichwa.

Na wala kaviti si ya wanaoanza tu. Wapo wachezaji wa kulipwa wanaobeba kaviti kwenye namba ndefu, 4 na 5, na kichwa chembamba kwenye fupi. Wao wanaishi kwa mchezo huu na hawaoni aibu.

Nije kwenye linalonikera. Namba iliyochongwa chini ya fimbo haina kipimo kinachoisimamia. Hakuna sheria inayosema namba 7 lazima iwe na lofti fulani, yaani uso ulale kwa digrii ngapi. Miaka ya 1980 namba 7 nyingi zilikuwa karibu digrii 35. Leo namba 7 ya seti inayouzwa kwa wachezaji wa kawaida ina digrii 28 mpaka 30, na nyingine zinashuka chini ya hapo. Digrii 28 zamani ilikuwa namba 5. Yule Mmarekani wa kwenye video kwa hiyo anapiga namba 5 iliyoandikwa 7, halafu anashangaa imekwenda mbali.

Watengenezaji wana hoja yao, na si ya uongo. Vichwa vya kisasa vina uzito mwingi chini, mpira unapaa wenyewe, na wasipousimamisha uso kidogo utakwenda juu na kurudi chini bila maendeleo. Sawa. Lakini fuata hesabu mpaka mwisho wa begi. Namba zote zikishasogezwa, weji inayokuja na seti inakuwa na digrii 43 au 44, wakati zamani ilikuwa karibu 48 mpaka 50. Weji ya mchanga haijasogea, bado ni 54 au 56. Kati ya 44 na 56 kuna digrii 12, na kwa wengi wetu kila digrii nne ni kama yadi 10 mpaka 12. Umebaki na tundu la yadi zaidi ya 30 mahali ambapo ungependa kuwa na uhakika kuliko pengine popote, mbele ya griini. Unalazimika kununua weji nyingine ya kuziba pengo, ambayo muuzaji hakukutajia bei yake, na ambayo inakula nafasi moja katika zile 14.

Tena kuna suala la kutua. Mpira uliopigwa na uso uliosimama hushuka kwa mteremko mdogo, na kwenye griini ngumu ya kiangazi hausimami, unapita na kwenda zake nyuma. Viwanjani Ulaya griini ni laini, mpira hukwama palepale. Mimi mpira wangu unaotua kwa mteremko mwezi wa Agosti nauaga kwa macho. Afadhali namba 7 yenye digrii 32 au 33 inayonipeleka yadi 145 na kusimama, kuliko ya digrii 28 inayofika 160 na kuendelea kutafuta barabara. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta jedwali la vipimo la modeli hiyo, kampuni zote kubwa huliweka wazi, usome digrii na kuisahau namba.

Unapopima umbali wako, pima mahali mpira unapotua, si unaposimama. Hapa tuna bahati moja ambayo watu wa viwanja vya kijani hawana: mwezi wa tisa mpira ukitua unatifua vumbi, na hata aliye mbali anaona. Msaidizi wako asimame pembeni, kwa usalama, aweke alama pale vumbi liliponyanyuka. Baada ya hapo mpira utaruka na kubiringika yadi nyingi nyingine juu ya ardhi ngumu, na hizo usizihesabu, si zako. Kitu kingine ni mwinuko. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na pigo la yadi 150 pale Lugalo hapa linaweza kupata yadi 6 au 7 za bure. Mpwa wangu alipima hapa akafurahi sana. Nikamwambia apunguze furaha hiyo kabla ya kushuka Dar es Salaam.

(Na ikiwa eneo lako la mazoezi limepakana na msitu wa miombo, mpira ukiingia chini ya mti wenye mzinga, uache. Asali ya Tabora ina sifa kubwa, na nyuki walioitengeneza wako kazini mchana kutwa.)

Sasa lile swali la fimbo kulika upande gani. Nalipenda kwa sababu halihitaji mashine. Wenzetu wa miji mikubwa ya nje wanapimwa kwa rada na kamera, sisi tuna ardhi, na ardhi ngumu inaandika. Geuza aironi yako ya sasa, tazama soli, yaani chini ya kichwa. Mikwaruzo ikiwa imekusanyika katikati, pembe ya shingo inakufaa. Upande wa kisigino, ulio karibu na shafti, ukiwa umeng'aa kuliko ncha, fimbo imesimama mno kwako, ncha inabaki hewani, na mpira wa mtu anayetumia mkono wa kulia utakuwa ukielekea kushoto. Ncha ikiwa ndiyo iliyolika, fimbo imelala mno, na mpira unakwenda kulia. Athari hii ni kubwa zaidi kwenye namba zenye uso uliolala, yaani zile fupi, ambazo ndizo unazolenga nazo.

Fimbo ya mpwa wangu ilikuwa imeng'aa kisigino mpaka unaweza kujitazama. Ni mfupi, na seti aliyojifunzia ilikuwa ya mtu mrefu. Kwa muda mrefu mipira yake ilikwenda kushoto, na kila mtu klabuni alikuwa na dawa: geuza mikono, kaza goti, tazama mpira. Alikuwa ameanza kuibomoa swingi yake, yaani namna anavyozungusha fimbo, ili iifuate fimbo hiyo. Tulihakikisha kwa kalamu ile ile. Unachora mstari mnene kwenye mpira, unauweka mstari ukiwa wima ukitazama uso wa fimbo, unapiga. Mstari unajichapa usoni. Ukisimama wima kabisa kwa mifereji iliyochongwa usoni, mambo safi. Juu yake ukiinama kuelekea ncha, fimbo imesimama mno. Ukiinama kuelekea kisigino, imelala mno. Wake uliinama kuelekea ncha, kila mara. Hapo ndipo ile habari ya chuma kinachokubali kupindwa inapokuwa na maana. Digrii mbili kwa fundi mwenye kifaa, na shutuma zote za goti zinaisha.

Urefu nao unahusika, ila watu huukuza kupita kiasi. Usijipime kimo peke yake. Simama umevaa viatu vyako vya kuchezea, mikono ikining'inia, pima kutoka mkunjo wa kiganja mpaka sakafuni. Mrefu mwenye mikono mirefu na mfupi mwenye mikono mifupi wanaweza kufanana hapo. Kawaida namba 7 ya chuma ina inchi 37, na kila namba hupishana na jirani yake kwa nusu inchi. Nusu inchi ya kuongeza au kupunguza inawatosha karibu wote wanaohitaji mabadiliko.

Kuhusu shafti nitasema machache. Herufi zile za R na S zinazoonyesha ugumu hazina kipimo cha pamoja, S ya kampuni moja inaweza kulingana na R ya nyingine, kwa hiyo usizigombanie. Angalia uzito. Shafti za chuma za kawaida zinazotumiwa na wenye nguvu, kama Dynamic Gold, zina gramu 130 hivi; zipo za chuma nyepesi za gramu 95 mpaka 105; za grafiti hushuka zaidi. Mwenye viwiko au mabega yanayouma, na anayepigia ardhi kama yetu, afikirie grafiti bila kuona haya, maana inameza mtetemo. Mwingine yeyote achukue nzito kiasi ambacho bado anaweza kuimudu akiwa amechoka. Na yale maneno ya "fimbo za kike" niyakatae hapa hapa. Aliyewahi kuwatazama wachezaji wetu wa gofu Madina Iddi au Angel Eaton wakipiga aironi hawezi kumpa mwanamke shafti laini kwa sababu tu ya jinsia. Mpe anayoweza kuisukuma.

Soli ndiyo inayonipa usingizi au kuninyima. Ukiishika aironi kama unavyosimama kupiga, utaona soli haijalala sambamba na ardhi: mgongo wake wa nyuma uko chini kidogo kuliko makali ya mbele. Pembe hiyo wachezaji huiita baunsi. Kazi yake ni kuzuia makali yasichimbe. Kwenye mchanga au nyasi nene ni rafiki, kichwa kinateleza juu juu na kutoka. Kwenye ardhi iliyokauka, baunsi kubwa inakuwa msaliti. Mgongo unagonga ardhi kwanza, makali yanainuka, na unaupiga mpira kiunoni. Unatoka chini chini, mkali, na kama kuna mtu mbele unapiga kelele.

Lakini usikimbilie soli nyembamba yenye baunsi ndogo ukadhani umemaliza, kwa sababu Januari inakuja. Soli nyembamba kwenye udongo uliolowa inachimba kama jembe la mkono. Hapo lazima ujijue. Wapo wanaoshuka kwa kasi juu ya mpira na kukata ardhi. Wapo wanaofagia, wanachukua mpira na kuyagusa majani tu. Anayekata anahitaji soli pana kiasi na baunsi ya kumwokoa, hata kiangazi. Anayefagia anaweza kutumia ndogo. Mimi nafagia, na nimetulia kwenye aironi zenye soli ya upana wa kati, makali ya mbele yamekunwa na kuviringwa kidogo yasiume ardhi. Ukipitisha kidole kwenye makali na ukahisi yanakata, iache dukani, ya kuchezea Surrey, Uingereza, hiyo. Kwa weji nachagua baunsi ya digrii 8 hivi. Zile za 12 na 14 ni nzuri sana kwenye bunka, yaani mashimo ya mchanga uwanjani, zenye mchanga mwingi na laini, na mimi bunka hizo nazikuta nikisafiri tu.

Kichanga chetu pia kinakula mifereji ya usoni, ile inayoshika mpira na kuuzungusha. Kwa sababu hiyo seti nzuri siitumii kwa mazoezi ya kiangazi. Nina namba 7 moja kuukuu, ilinunuliwa peke yake, lofti yake inakaribiana na ya seti, hiyo ndiyo inayopokea kokoto na mizizi ya miembe. Zile nzuri zinatoka kwenye begi mvua zikinyesha, au siku chache kabla ya safari. Na begi halilali kwenye buti la gari. Joto la Oktoba linakausha gripu, yaani mpira wa kushikia fimbo, zikawa ngumu na kuteleza, na gundi inayoshika kichwa kwenye shafti haipendi kupikwa. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanarudisha uhai wa gripu. Zikishapasuka, badilisha, na ukiwa na viganja vikubwa omba za unene wa juu kidogo.

Wengi wetu tutanunua zilizotumika. Seti mpya ya kampuni kubwa, kwa bei za Marekani kwenyewe, kwa kawaida huzidi dola 800 kabla hujalipa usafiri na ushuru, na sioni sababu ya kuifukuzia wakati aironi ya miaka kumi iliyopita inafanya kazi ile ile. Ila kagua. Zisimamishe zote ukutani kwa mpangilio, urefu upande ngazi kwa ngazi. Moja ikivunja ngazi, imekatwa au imebadilishwa shafti. Tazama kama shafti zote ni za aina moja. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya weji na namba 9, usipokwama umenunua kijiko. Weji za zamani zenye mifereji mikali ziulizie kabla ya mashindano, kwa sababu kanuni za mifereji zilikazwa mwaka 2010. Na bandia zipo, tena nyingi: rangi ya nembo isiyotulia, maandishi yaliyochongwa hafifu, vichwa vya uzito usiolingana, bei ya kutupa kwa modeli iliyotoka juzi. Muuzaji akikataa usishike fimbo mkononi kabla ya kulipa, mwambie asante, uende ukanywe chai.

Mpwa wangu hakununua bledi. Alipata kaviti zilizotumika, namba 5 mpaka 9 na weji ya digrii 44, shafti za chuma nyepesi, namba 7 ikiwa na digrii 31. Namba 4 tuliiacha kwa muuzaji, mahali pake akaweka haibridi, fimbo yenye kichwa kinene kuliko cha aironi, ambayo kwa mtu wa madoa yaliyotapakaa inapaa kirahisi zaidi. Zilikuwa za kumiminwa, kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam alizilaza digrii mbili akasema hapo ndipo mwisho wake. Mipira sasa inanyooka, na ikienda kushoto ni yeye. Kilichobaki ni lile pengo kati ya 44 na 56. Juzi amenipigia simu kwamba ameona weji ya digrii 50, karibu mpya, baunsi 12, bei nzuri sana. Nimemwambia aiache, tunatafuta yenye 8.